Kwenu ni Wapi, na Umekula Nini

Mtu wa Nakuru hujulikana akicheka. Meno yetu yana rangi ya chai. Wengine wana mistari ya kahawia, wengine madoa meupe kama chaki. Ukifika Nairobi kutafuta kazi, mtu anakutazama mdomoni halafu anauliza, "Wewe ni wa Nakuru ama Naivasha?" Hata jina hajauliza bado.

Ni fluoridi. Volkano zilizolijenga Bonde la Ufa zilituachia mawe yenye fluoridi nyingi. Maji ya chini ya ardhi yanaiyeyusha polepole, na sisi tunayavuta kwa visima. Shirika la Afya Duniani linapendekeza maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za fluoridi kwa lita, na visima vingi vya huku vinapita hapo mbali. Lakini maji hayo huchafua jino wakati mmoja tu, utotoni, jino likiwa bado linajengwa ndani ya ufizi. Ukifika miaka kama minane, gamba la nje la karibu meno yote limekamilika. Mtu aliyehamia Nakuru akiwa na miaka ishirini anaweza kunywa maji ya kisima hadi azeeke na meno yake yabaki meupe.

Mama yangu alikulia Bomet. Baba alikulia Murang'a. Wote wawili wana meno meupe. Sisi watoto watatu, wote kahawia.

Nasema haya kwa sababu hapa kwetu kuna swali lingine ambalo huulizwa kwa sauti ya upole: "Kwenu ni wapi?" Nikijibu Nakuru, mtu anatabasamu kama aliyedanganywa. "Hapana, namaanisha kwenu kabisa." Anataka jina la ukoo, anataka kijiji, anataka kujua aniweke kwenye sanduku gani. Nina baba Mkikuyu na mama Mkipsigis, na katika Bonde la Ufa mchanganyiko huo unaweza kuwa stori ya kuchekesha kwa miaka minne, halafu mwaka wa tano wa uchaguzi ufike na watu waache kucheka. Huwa natamani kufungua mdomo tu, niseme soma mwenyewe.

Sikujua kwamba kuna watu kazi yao ndiyo hiyo, kusoma meno na mifupa. Nilijua kupitia kibarua.

Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipokataa kabisa, na tangu hapo ninaishi kwa kuandika. Mtu yuko mbali huko, ana tovuti yake, anataka maneno 1,200 kuhusu magodoro, kuhusu bima ya mbwa, kuhusu safari za Iceland. Naandika. Siku moja mteja akataka makala kuhusu vile wanasayansi wanajua Wakorea wa zamani walikula nini kwa kupima kemia ya mifupa yao. Wali ama nafaka ndogo za jamii ya mawele? Samaki wa bahari ama mboga za shambani? Nilidhani nitamaliza kwa usiku mmoja. Nikakaa nayo wiki, manake kila nilipofuata uzi wa hadithi hiyo, ulikuwa unanirudisha huku kwetu, umbali wa matatu moja kutoka nilipokuwa nimeketi.

Wacha nieleze inavyofanya kazi, kwa sababu ni rahisi kuliko inavyosikika.

Kaboni iliyo hewani si ya aina moja. Karibu yote ni kaboni-12, lakini kama chembe moja katika kila mia ni kaboni-13, ambayo ni nzito kidogo. Aina hizi ndizo huitwa isotopu. Mimea hula kaboni hiyo hewani, na kuna mimea inayochagua na mingine isiyochagua sana. Miti, maharagwe, viazi, ngano, mpunga na sukuma wiki huiacha ile nzito kwa wingi. Nyasi za nchi za joto, pamoja na nafaka za ukoo huo kama mahindi, mtama, wimbi, na hata miwa, huimeza bila kubagua sana. Ukipima, tofauti kati ya makundi haya mawili ni kama sehemu 14 katika 1,000. Kidogo hivyo, lakini mashine inaiona vizuri.

Sasa wewe ukila mmea, ama ukila mnyama aliyekula mmea, kaboni ile inaingia mwilini na kujenga kolajeni, ile protini inayoushika mfupa usivunjike kama chaki. Kipande kidogo cha mfupa kinawekwa kwenye asidi, madini yanayeyuka, kolajeni inabaki, inachomwa kuwa gesi, na mashine inahesabu chembe nzito na nyepesi. Wanasayansi wawili kutoka Afrika Kusini, John Vogel na Nikolaas van der Merwe, walionyesha jambo hili mwaka 1977 kwa mifupa ya wenyeji wa kale wa eneo la New York. Walichokuwa wakitafuta ni lini watu wale walianza kula mahindi. Yaani sayansi hii tangu mwanzo ilikuwa inauliza kuhusu ugali.

Kuna kipimo cha pili, nitrojeni. Hiyo nayo ina aina nyepesi na nzito, na kila hatua ya kulana, ile nzito inaongezeka. Nyasi zina kidogo, ng'ombe ana zaidi, anayekula nyama na maziwa ya ng'ombe ana zaidi tena. Mtoto anayenyonya anamzidi hata mama yake, kwa sababu kwa hesabu za kemia mtoto yule anamla mama.

Mwisho, kila sehemu ya mwili ina kalenda yake. Mfupa hujijenga upya polepole, kwa hiyo mfupa wa mtu mzima una wastani wa miaka kumi ama zaidi. Nywele hukua kama sentimita moja kwa mwezi, kwa hiyo ni shajara ya juzijuzi. Jino likishamaliza kuumbwa halibadiliki. Linabaki na utoto wako hadi unazikwa nao.

*

Mwaka 1986, Stanley Ambrose na Michael DeNiro walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya kupima kaboni na nitrojeni katika mifupa ya watu wa Afrika Mashariki na Kusini, wa kale na wa nyakati za karibuni. Ambrose alikuwa ametumia miaka akichimba na kutembea katika Bonde la Ufa la kati, kati ya Naivasha, Nakuru na miteremko ya Mau. Walionyesha kwamba ukiweka vipimo viwili pamoja unaweza kumtofautisha mfugaji na mkulima. Unaweza kumtofautisha mfugaji wa ngamia na mfugaji wa ng'ombe na mbuzi, kwa sababu ngamia hula majani ya miti na vichaka, na ng'ombe hula nyasi. Unaweza kumtenga mkulima wa nafaka na mkulima asiyetegemea nafaka. Na watu waliozikwa huku bondeni maelfu ya miaka iliyopita, wale wa vyombo vya mawe, walifanana na wafugaji wa karne zetu walioishi kwa nyama, maziwa na damu.

Niliposoma hayo nilivaa viatu. Hyrax Hill iko kilomita chache tu kutoka katikati ya mji, kando ya barabara ya kwenda Nairobi. Nimepita hapo maisha yangu yote nikiwa nimeegemea dirisha la matatu. Ni kilima cha mawe, kimepewa jina la pimbi waliokuwa wakiota jua juu yake. Mary Leakey alichimba hapo mwaka 1937 na 1938. Kuna mashimo ya mviringo ya enzi za Sirikwa, ambamo ng'ombe walilazwa. Kuna bao limechongwa juu ya mwamba, na mtu yeyote aliyecheza bao atajua mara moja ni nini. Na kuna makaburi ya zamani zaidi, ambamo wanawake walizikwa na sinia na vyombo vya mawe na wanaume wakazikwa mikono mitupu. Hakuna anayejua kwa hakika kwa nini. Nilisimama pale muda mrefu nikijiuliza kama ilikuwa heshima ama ilikuwa "hata huko uendako, utapika."

Kuingia kwenye jumba la makumbusho ni kuingia kwenye nyumba ndogo ya kizungu ya zamani, yenye utulivu, unaosikia hata kalamu ya mlinzi. Wanafunzi wa shule moja walikuwa wamemaliza ziara na wanakula mandazi nje. Mmoja alimuuliza mwenzake, "Hawa walikuwa kabila gani?" Mwenzake akajibu bila kufikiria, akataja kabila lake mwenyewe. Wote wakacheka, na mwalimu hakucheka.

Swali la mtoto yule ndilo lililowaleta watafiti wa kwanza hapa. Louis Leakey alipochimba makaburi ya Nakuru na Elmenteita kuanzia mwaka 1926, mafuvu yalipimwa urefu, upana, pua na taya, na mwaka 1935 akatoa kitabu kizima kuhusu kile alichokiita jamii za rangi za Enzi ya Mawe nchini Kenya. Ulimwengu wa wasomi wa wakati ule ulikuwa unahangaika kujua kama watu hawa walikuwa "Wahamitiki", yaani watu wa asili ya nje walioaminika kuleta kila kitu kizuri Afrika. Mfupa uliulizwa: wewe ni wa nani? Kwenu ni wapi? Na wakati huohuo, juu ya ardhi, serikali ya kikoloni ilikuwa inagawa bonde hili kwa walowezi na kuwapanga Waafrika kwenye hifadhi kulingana na kabila. Aliyeuliza fuvu na aliyechora mipaka walikuwa wanatumia kamusi moja.

Miaka hamsini baadaye, mifupa ya namna ileile ikaulizwa swali tofauti: umekula nini?

Sisemi kwamba sayansi ya pili ni safi na ya kwanza ni chafu. Hata vinasaba vimerudi kuulizwa habari za asili. Mwaka 2019 kikundi cha watafiti kilisoma vinasaba vya watu 41 wa kale kutoka Kenya na Tanzania, wakiwemo waliozikwa Hyrax Hill na pango la Mto Njoro, na wakaona kwamba wafugaji wa kwanza walitokana na watu waliotoka kaskazini-mashariki mwa Afrika wakachanganyika na wawindaji waliowakuta, halafu mchanganyiko ukaendelea mara nyingine na nyingine. Kwa lugha ya mtaani: hakuna aliyewahi kuwa wa hapa "kabisa". Lakini hilo unaweza kuligeuza pia. Kuna mtu atalisoma na kutafuta ndani yake babu wa kumsaidia kudai shamba.

Swali la chakula ni gumu zaidi kulifanya panga.

*

Lakini hata chakula kina siri zake, na hapa ndipo nilipoanza kupenda kazi hii.

Pango la Mto Njoro liko karibu na mji wa Njoro, mwendo mfupi kutoka Nakuru. Mary na Louis Leakey walilichimba mwaka 1938. Ndani walikuta mabaki ya watu wapatao 80, waliochomwa moto kabla ya kuachwa pale, kama miaka 3,000 iliyopita. Moto huo ulikausha na kuhifadhi vitu ambavyo kwa kawaida huoza: vibuyu, kamba, shanga, hata chombo cha mbao kilichochongwa nakshi. Na kila maiti ilikuwa na seti yake: bakuli la mawe, mchi, na jiwe la kusagia.

Jiwe la kusagia. Ukiona jiwe la kusagia, akili ya Mkenya inasema unga. Lakini kutoka enzi ile huku bondeni hakuna punje za nafaka ya kupandwa ambazo zimethibitishwa. Wimbi tunalolijua linaonekana baadaye sana, kwa mfano Deloraine, upande wa Rongai, zaidi kidogo ya miaka 1,000 iliyopita. Kwa hiyo watu hawa walisaga nini? Pengine udongo mwekundu wa kujipaka. Pengine mbegu za mwituni, ama dawa.

Unaweza kufikiri kaboni itamaliza ubishi. Haimalizi, na sababu ni nzuri kweli. Wimbi ni la ukoo wa nyasi. Ng'ombe anakula nyasi. Katika maeneo ya Kenya yaliyo chini ya mita 2,000, nyasi za mbugani karibu zote ni za lile kundi lisilobagua kaboni nzito. Kwa hiyo aliyekula wimbi na aliyekunywa maziwa, kaboni yao inafanana. Kwa mfupa, bakuli la uji na kibuyu cha maziwa ni dada. Ni nitrojeni tu inayokuja kunong'ona kwamba huyu alipanda ngazi kupitia mnyama. Na bado mtu anaweza kuwa alikula vyote viwili, kama vile watu hula.

Maziwa nayo yana stori yake. Watu wazima wengi duniani hawawezi kumeng'enya sukari ya maziwa, na uwezo huo, kwa wafugaji wetu, huletwa na badiliko dogo katika vinasaba. Ule utafiti wa 2019 ulilitafuta badiliko hilo, na kati ya wale ambao iliwezekana kuwapima ulilikuta kwa mtu mmoja tu, wa pango la Gishimangeda huko Tanzania, aliyeishi kama miaka 2,000 iliyopita. Mwaka 2020 watafiti wengine wakapima mafuta yaliyonaswa ndani ya vigae 125 vya vyungu vya wafugaji wa Kenya na Tanzania: nyama, mifupa iliyochemshwa, uboho, mimea pia, lakini dalili za maziwa zilikuwa chache mno. Mwaka uliofuata, wengine wakakwangua ugaga kwenye meno ya watu wa kale wa Sudan na wa Lukenya, karibu na Nairobi, wakakuta protini za maziwa. Kumbe walikunywa kabla mwili haujawa tayari.

Nilimsomea mama hayo kwenye simu. Akacheka. "Sasa hao wanasayansi hawajui mursik?"

Kwao, kogo alikuwa anachoma kijiti cha senetwet, anasugua makaa yake ndani ya kibuyu, anamimina maziwa na kuyaacha siku kadhaa. Yakichacha, vijidudu vinakula sehemu kubwa ya ile sukari inayosumbua tumbo. Maziwa hayawekwi kwenye chungu cha kupikia, yanawekwa kwenye kibuyu, na kibuyu huoza. Mama alimaliza kwa sekunde kumi, huku akikaanga kitunguu. Simaanishi kwamba amethibitisha chochote. Hata watafiti wenyewe hutaja uchachushaji. Lakini nilipenda jinsi alivyowaongelea watu wa miaka 3,000 iliyopita kama majirani ambao wamesingiziwa.

Upande wa baba, shosho alikuwa wa njahi, viazi vitamu, nduma, ndizi na githeri. Ukirudi miaka mia mbili nyuma, kabla mahindi hayajashika nchi, nahisi mfupa wa kogo wa kogo na mfupa wa shosho wa shosho ungeweza kutengwa kwenye karatasi ya grafu bila shida. Mmoja juu, nyasi na ng'ombe. Mwingine chini, mizizi na kunde. Mkoloni angefurahi. Hapo nilisita kidogo, kwa sababu grafu yenye makundi mawili ni kitu hatari mikononi mwa watu wetu.

Halafu nikafikiria Nakuru ya leo. Mahindi yalifika pwani kutoka Amerika siku za Wareno, na karne iliyopita yakawa mfalme: yalilishwa vibarua kwenye mashamba ya walowezi, yakalishwa wanafunzi, yakalishwa wafungwa, hadi yakawa ndiyo maana ya neno chakula. Nenda Kaptembwa saa mbili usiku. Mluhya, Mkisii, Mkikuyu, Mkalenjin, Mjaluo, Mturkana, kila jiko lina sufuria moja inayosongwa. Tukizikwa sote leo na tukachimbuliwa baada ya miaka 3,000, mtafiti ataona taifa moja lililokula nyasi moja ya Mexico, na ataandika kwamba hawa walikuwa watu wamoja. Atakuwa amekosea, na atakuwa amesema kweli.

Tutakaomsumbua ni sisi wa kibandaski, tunaoishi kwa chapo madondo. Ngano na maharagwe, vyote vya lile kundi linalobagua. Mwezi wenye vibarua vingi nakula ugali na nyama, kaboni yangu inapanda. Mwezi mkavu ni chapo mbili na supu ya madondo, inashuka. Nywele zangu zina akaunti yangu ya benki.

*

Kuna utafiti mmoja ambao sikuuweka kwenye makala ya mteja, kwa sababu haukuhusu Korea.

Mjini Kilkenny, Ireland, wajenzi walikuta makaburi ya pamoja ya karibu watu elfu moja, waliokufa katika nyumba ya maskini wakati wa njaa kuu ya miaka ya 1840. Kabla ya njaa, maskini wa Ireland waliishi kwa viazi. Viazi vilipooza, serikali ya Uingereza ilileta mahindi kutoka Amerika kama chakula cha msaada. Julia Beaumont na Janet Montgomery walikata meno ya baadhi ya marehemu kwa tabaka nyembamba, kwa sababu sehemu ya ndani ya jino hukua kwa tabaka kama mti. Tabaka za mwanzo zilionyesha viazi. Halafu, ghafla, kaboni ikapanda. Mahindi ya msaada yamefika. Ungeweza kuona kwenye jino la mtoto kipindi ambacho gunia lilifunguliwa.

Lakini kabla ya hapo nitrojeni nayo ilikuwa imepanda. Kumbuka, nitrojeni ikipanda, kwa kawaida ina maana mtu anakula nyama. Hawa hawakuwa na nyama. Mwili ukikosa chakula huanza kuvunja misuli yake wenyewe ili uendelee kuishi, na kwa mashine, mwili unaojila unafanana na mwili unaokula mnyama. Mwenye njaa anaonekana kama ameshiba vizuri.

Niliisoma sentensi hiyo mara kadhaa.

Mwishoni mwa Januari 2008 nilikuwa na miaka minane. Tulikimbia nyumba usiku, na tukalala Showground ya Nakuru na maelfu ya watu wengine, chini ya turubai. Sehemu tuliyowekwa, wengi walikuwa watu wa kabila la baba. Mama hakusema neno hata moja la Kikipsigis kwa wiki zote tulizokaa pale. Aliongea Kiswahili tu, hata na sisi, hata usiku akitufunika. Dada yangu mdogo aliyezoea kubembelezwa kwa lugha ile alikuwa akimtazama mdomo kana kwamba umebadilishwa.

Chakula kilikuwa mahindi na maharagwe, uji, mafuta kidogo. Foleni ilikuwa ndefu, na kulikuwa na siku mama hakutaka kusimama mahali ambapo mtu angeweza kumuuliza jina lake lote. Sahani ilipokuja ilikuwa ya watoto kwanza. Tulipomnyooshea, alisema, "Mimi nimeshiba." Baba akimnyooshea, vilevile. Nilikuwa mtoto na niliamini. Mtu mzima anayesema ameshiba, ameshiba.

Mizizi ya meno yangu ilikuwa bado inakua wakati huo. Tabaka la Februari 2008 limo humu mdomoni na litabaki: mahindi, maharagwe, uji. Yangu yatasomeka vizuri, kwa sababu nilikula.

Yake hayasomeki tena. Meno ya mtu mzima yalishafungwa zamani. Mifupa yake imejijenga upya kwa miaka kumi na saba, na wiki zile zimeshamezwa na chakula cha amani. Zilibaki nywele. Nilimuuliza juzi, kwa njia ya kuzunguka, nywele zake za wakati ule zilienda wapi. Akasema maji yalikuwa shida pale Showground, kwa hiyo mama mmoja aliyekuwa na makasi aliwanyoa wanawake wengi foleni moja bila kuuliza mtu anatoka wapi, na nywele zote zikachomwa pamoja na takataka.

"Mbona unauliza?"

Nikamwambia ni kazi tu, kuna kitu naandika.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

Hapo huwa haachi. Jibu la kwanza hajawahi kuliamini. Nikamwambia chapati na maharagwe, na kwamba nilibakisha chapati moja ya asubuhi, na akaniuliza ni kubwa ama ni zile ndogo.